Kiingereza cha Mzee Tokuda

Siku baba yake alipozikwa, Rispah hakutoa hata chozi moja.

Waliokuwa nasi wiki iliyopita wanakumbuka tulimwacha wapi: kitandani, simu mkononi, akitazama jeneza likiteremshwa kule Rongo, Kenya, kwa kamera ya binamu yake iliyokuwa ikitikisika. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimekwisha, kipya kimekwama ofisini, na mgeni akitoka Afrika Kusini akiwa hivyo, kurudi ni bahati nasibu. Chuo cha Randburg alikokuwa akifundisha kilikwisha kumwonyesha mlango kwa sababu hiyohiyo.

Kilichobaki kilikuwa chumba kimoja katika fleti ya Mamie, msusi Mkongomani mwenye saluni, huko Kensington, Johannesburg, kompyuta ndogo, na Wajapani.

Wajapani ndio waliokuwa wakimlisha.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Hufundishi sarufi, husahihishi mitihani. Unazungumza tu. Unakaa mbele ya ukuta mweupe, maana kampuni inataka ukuta mweupe, juu umevaa blauzi iliyopigwa pasi, chini umejifunga leso, na kila nusu saa anakujia Mjapani mmoja kwenye skrini kuzungumza Kiingereza.

Kwako Johannesburg ni asubuhi. Kwao ni jioni, wametoka kazini wamechoka. Huyu anasimulia bosi wake, yule anajifunza kuagiza chakula hotelini, mwingine anakaa kimya hadi muda unaisha. Wewe unatabasamu. Mwisho wa kipindi wanakupa nyota, na nyota zikipungua, wanafunzi nao wanapungua.

Kesho yake baada ya mazishi, Rispah alitabasamu asubuhi nzima.

Hakuna aliyegundua, isipokuwa mmoja.

"Mwalimu," alisema Mzee Tokuda, kwa kile Kiingereza chake cha kuchagua neno mojamoja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. "Leo macho yako, mvua."

"Hapana, Bwana Tokuda. Niko salama."

"Mvua," mzee akarudia.

Ndipo Rispah akamwambia. Baba yangu amefariki.

Mzee akavua miwani. Akainama hadi skrini nzima ikawa mvi tupu, akakaa hivyo kwa muda mrefu sana. Alipoinuka aliuliza neno moja tu.

"Umekula?"

Tangu hapo hakuanza kipindi bila kuuliza hilo. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, mjane, anaishi peke yake. Hakuwa na safari yoyote ya kumfanya ajifunze Kiingereza. Alisema mwenyewe kwamba nyumbani kwake redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza, na redio haiulizi swali.

Kuna jambo Rispah aliona haya kulikiri hata kwa Mamie. Kipindi cha mzee kilipokwisha, yeye alikuwa akikiongeza dakika, bila malipo, kinyume cha masharti. Mzee alidhani anahurumiwa. Haikuwa huruma. Rispah alitaka kuulizwa kama amekula.

Basi ikafika Jumatatu ile.

Jumatatu saluni ya Mamie hufungwa, naye husuka wateja wake sebuleni. Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma kama kawaida. Rispah alifunga mlango wa chumba, akavaa tabasamu, akafungua darasa.

"Habari za jioni, Bwana Tokuda. Jumapili ulifanya nini?"

Mzee alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Jumapili mimi nilikwenda... nilikwenda..."

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda..."

Kikombe kikainama. Chai ikammwagikia kifuani, mvuke unaonekana, na mzee hata hakushtuka.

"Bwana Tokuda! Chai!"

"Chai," akaitikia. Akautazama mkono wake. "Mwalimu, mkono huu, si wangu."

Na Rispah, Mungu amsamehe, akafanya kile anachokifanya kutwa. Akamsahihisha.

"Tunasema, mkono wangu unau—"

Hapo ndipo alipouona mdomo. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kama pazia lililochomoka.

Ghafla mashine ya nywele ikanyamaza.

"Courant imeenda tena!" Mamie akapiga kelele sebuleni.

Umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta ilikuwa na chaji. Kilichozima ni kisanduku cha intaneti. Uso wa Mzee Tokuda ukaganda palepale kwenye skrini, mdomo umepinda, macho yanamtazama Rispah.

Alitoka mbio hadi sebuleni na leso yake.

"Mamie! Simu yako iko na bando?"

"Iko, lakini kidogo. Uko na nini? Mbona unatetemeka?"

"Mzee wangu anakufa!"

Mamie akaacha kichana kimesimama kichwani mwa mteja. "Mzee gani tena, ma chérie? Si tulishamulilia?"

"Wa Japani!"

Mamie hakuuliza tena. Akampa simu. Rispah akaunganisha kompyuta, akaingia upya, akakuta darasa limefungwa. Mfumo ulikuwa umeandika: mwalimu ameondoka kabla ya wakati.

Akaenda kwenye dirisha la msaada la kampuni.

Mwanafunzi wangu ameanguka, aliandika. Naona ni kiharusi. Yuko peke yake. Mtumieni gari la wagonjwa.

Jibu lilikuja upesi. Pole kwa usumbufu, mwalimu. Kipindi chako kimehesabiwa kuwa utoro.

Sizungumzii kipindi! Nazungumzia mtu!

Tunaelewa. Haturuhusiwi kutumia anwani ya mwanafunzi bila idhini yake. Tumepeleka taarifa kwa kitengo husika. Ofisi za Japani zimefungwa kwa leo, kitakujibu siku ya kazi inayofuata.

"Wanasema nini?" Mamie aliuliza, amesimama mlangoni.

"Wanasema kesho."

"Kesho ya nini? Mutu yuko chini leo!"

Kengele ya kompyuta ikalia. Mwanafunzi wa pili alikuwa anangoja.

Huyu aliitwa Chinatsu, mpokeaji wageni kwenye kliniki ya meno huko Nagoya. Aliwahi kusimama mbele ya wakubwa wake kuhutubia kwa Kiingereza, watu wakacheka, na tangu siku hiyo lugha ikamkalia kooni. Vipindi vyake vyote alizungumza ameziba mdomo kwa kiganja. Niko salama, asante. Ndiyo. Hapana. Basi.

Rispah akafungua darasa.

"Chinatsu, leo funga kitabu. Nisikilize. Nahitaji msaada wako."

Kiganja kikapanda mdomoni.

"Kuna mzee. Mwanafunzi wangu. Ameanguka. Mgonjwa sana. Nyumbani, peke yake. Unanielewa?"

"Mwalimu... mimi Kiingereza kibaya."

"Kiingereza chako kinatosha. Piga simu. Gari la wagonjwa."

Macho ya Chinatsu yakawa makubwa. Kwa muda Rispah alidhani atakata. Badala yake kiganja kikashuka, kwa mara ya kwanza, na midomo yake ikaonekana.

"Wapi?"

Wapi! Rispah akashika kichwa. Jina la mji alilijua, Asakubo. Mji mzima! Halafu akakumbuka somo la kuelekeza njia, lile ambalo kila mwanafunzi hulipitia, ambalo yeye mwenyewe hulisikiliza huku akiwaza mambo mengine. Mzee alikuwa amemwelekeza hadi kwake. Na yeye alimjibu tu: vizuri sana, tuendelee.

"Asakubo. Ukitoka stesheni, kushoto. Halafu... halafu daraja. Daraja dogo. Duka la baiskeli, limefungwa. Nyumba yake ina mti, matunda mekundu kama nyanya. Anaitwa Tokuda."

Chinatsu alikuwa anaandika kwenye kiganja kilekile alichokuwa akizibia mdomo. Akainuka. Akageuka, akapiga simu kwa zimamoto ya huko, maana Japani magari ya wagonjwa hutoka kwao.

Rispah hakuelewa neno, ila alisikia sauti. Miezi yote hakuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti nene, kali, ya mwanamke anayegombea haki yake sokoni. Wakamkatiza, akawakatiza. Wakauliza, akajibu. Aligonga meza.

Kisha akarudi kwenye skrini, jasho usoni.

"Wanakwenda," alisema.

Umeme haukurudi. Mteja wa Mamie, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama majani, alikataa kuondoka kabla hajasikia habari za huyo mzee. Wakakaa watatu sebuleni. Mamie akaanza kuomba kwa sauti ya chini, "Yesu, fanya njia, fanya njia," na mteja akawa anaitikia.

Chinatsu alirudi hewani akilia.

"Wamempata. Jikoni, chini. Yuko hai."

Mamie akapiga kigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Rispah akaanguka magotini, na machozi aliyoshindwa kumpa baba yake yakaja yote. Alilia hadi mteja akamshika mabega.

"Eish, dada, si amepona?"

Rispah akaitikia kwa kichwa, akaendelea kulia.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akapiga blauzi pasi. Akafungua kompyuta kwa moyo mwepesi, akitazamia pengine neno la asante kutoka ofisini.

Akaunti haikufunguka.

Palikuwa na ujumbe mmoja. Mwalimu amefichua habari za mwanafunzi mmoja kwa mwanafunzi mwingine. Mwalimu amewasiliana na wanafunzi kwa jambo lisilo la masomo. Mkataba umevunjwa kuanzia leo, na uamuzi huu haukatiwi rufaa.

Alisoma mara mbili. Akazima kompyuta, akaiwasha tena, kama mtu anayetikisa redio mbovu.

"Umemuokoa mutu, wanakufukuza?" Mamie alisema. "Ile ni kazi gani ya bashetani?"

"Masharti yalikuwepo, Mamie. Niliyasoma nikaweka sahihi."

"Na ungemwacha afe, wangekupa nyota?"

Rispah akafunga kompyuta. Ndiyo, wangempa.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa kazi. Wanafunzi wake wote walikuwa ndani ya akaunti, na akaunti imefungwa. Chinatsu alikuwa na namba yake, alimpa siku ile katika purukushani, lakini yeye hakuchukua ya Chinatsu. Mzee yuko hospitali gani? Ameamka? Amekufa? Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kwa mara ya pili mwaka huo, Rispah alikaa Kensington akingoja habari za mzee aliye mbali.

Siku zikapita. Mamie akamchukua saluni, kwa maneno matamu ili asione ni kusaidiwa. "Njoo unisaidie kuosha vichwa, mie mgongo imechoka." Mwalimu mwenye digrii mbili akavaa aproni, akawa anaosha vichwa vya watu.

Hakulalamika. Ila wateja waligundua kwamba kila anayekaa kwenye sinki, dada mpya anamuuliza, "Umekula?"

Ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa, povu limemfika viwikoni, simu yake ilipolia. Namba ndefu, ya ng'ambo. Picha ikafunguka.

"Mwalimu!"

Alikuwa Chinatsu. Kiganja hakipo mdomoni.

"Niko Asakubo. Hospitali. Nimekuja kwa treni. Simjui mzee huyu, lakini... nililala vibaya. Nikaja."

"Yuko hai?"

"Hai. Mwalimu, kuna shida." Chinatsu akatafuta maneno. "Ameamka. Anazungumza. Lakini Kijapani... kimetoka."

"Kimetoka vipi?"

"Kimekwisha. Daktari anasema ni ugonjwa wa ubongo, hutokea kwa wachache. Wauguzi wakimsemesha Kijapani, hasikii maana. Yeye akisema, anasema Kiingereza. Kiingereza chako, mwalimu. Kimebaki hicho tu."

Rispah akakaa kwenye kiti cha mteja. Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika sinkini, na Mamie akaja kuyafunga.

Lugha ya mama yake mzazi imemtoka, na lugha ya mkewe, na ya treni zake zote. Amebaki na jumapili ulifanya nini, na duka la baiskeli limefungwa, na umekula.

"Anakuita," Chinatsu alisema. "Kila siku anasema mwalimu, mwalimu. Na kuna mtu hapa anataka kukusemesha. Mimi nitafasiri."

Kamera ikageuka. Akaonekana mwanamke wa makamo, koti bado mwilini, uso umevimba kwa kulia. Alizungumza kwa kasi, kwa hasira, na Chinatsu alikuwa akimfuata nyuma kwa shida.

"Anaitwa Kayoko. Anauliza, kwa nini mlipata gari la wagonjwa, hamkumpata yeye? Ameambiwa na polisi, siku mbili baadaye. Yeye ni binti yake."

"Binti?" Rispah aliduwaa. "Mwambie baba yake aliniambia hana mtoto."

Maneno yalikuwa yamekwisha toka. Chinatsu akasita. Kisha, kwa kuwa hakujua namna ya kuyapamba, akayafasiri kama yalivyo.

Hasira yote ikamtoka Kayoko, na bila hasira akaonekana mdogo ndani ya lile koti. Alipozungumza tena, ilikuwa polepole.

"Anasema ni kweli," Chinatsu akafasiri. "Aliolewa na mtu baba hakumtaka. Baba akasema, ukitoka, sina mtoto. Akatoka. Hawajasemezana miaka mingi. Mama yake alipokufa, walisimama kaburini, huyu huku, yule kule. Sasa amekuja kuomba msamaha. Amesema tangu asubuhi. Baba hasikii neno. Daktari ameona moyo wake nao unachoka. Hawajui kama atafika wiki ijayo." Chinatsu akafuta pua. "Anakuomba, mwalimu. Wewe useme na baba yake. Kwa niaba yake."

Wateja hawakuelewa Kiingereza chote, ila uso wa Rispah walikuwa wakiusoma.

"Nipeleke kwake," Rispah alisema.

Simu ikasogezwa kitandani. Alikuwa amekonda. Nusu ya uso ilikuwa imelala, lakini jicho moja lilipomwona Rispah lilifunguka, na kitu kama tabasamu kikapita upande mzima.

"Mwalimu," alisema. Neno lilikuwa limelowa mate, limekatika katikati. Chinatsu hakulishika. Kayoko hakulishika. Lakini Rispah alikuwa amekisikiliza Kiingereza hicho asubuhi nyingi, na makosa yake yote aliyajua.

"Bwana Tokuda. Niko hapa."

"Ume... kula?"

"Nimekula, Bwana Tokuda." Alikuwa hajala tangu jana. "Kuna mtu yuko karibu yako. Mtazame. Anaomba umsamehe. Anauliza, unataka akae nawe?"

Nyuma, Chinatsu alimnong'oneza Kayoko Kijapani. Kayoko akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua mkono wa baba yake, ule ambao mzee alisema si wake, akauweka shavuni.

Mzee akageuza kichwa kidogokidogo. Akamtazama yule mwanamke. Alimtazama kwa upole, kwa muda mrefu, kama abiria anavyomtazama mtu aliye na msiba kwenye kiti cha mbele.

Kisha akarudisha jicho kwa Rispah, akashusha sauti, kama asiyetaka kumwaibisha mtu.

"Mwalimu. Mama huyu, mtu mwema. Analia tangu asubuhi." Akavuta pumzi. "Mwulize... hana baba?"

Rispah akahisi povu likimkauka mikononi.

"Mwalimu, sijasikia vizuri," Chinatsu alisema. "Amesema nini?"

Kayoko naye alikuwa ameinua uso. Hakungoja tafsiri, kama aliyeamini kwamba baba amemkubali. Alikuwa akimtazama Rispah machoni, ameubana mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, na tayari, taratibu, akitikisa kichwa kuashiria ndiyo, ndiyo, sema.